Mtoto mgongoni, bidhaa kichwani: Namna ya kufua nepi za kitambaa zisinuke

Kila asubuhi kwenye mpaka wa Rubavu na Goma, mahali panapojulikana kama Petite Barrière, wanawake huvuka kwa miguu wakiwa na mboga au maziwa kichwani na mtoto mgongoni. Hali si tofauti sana Rusumo, Mutukula, Busia na Namanga. Bidhaa huhesabiwa na vitambulisho hukaguliwa, lakini upo mzigo mmoja usioandikwa kwenye fomu yoyote: mfuko wa nepi za mtoto.

Mzigo huo unagusa mtaji moja kwa moja. Mtoto anayebadilishwa mara sita kwa siku hutumia nepi 180 kwa mwezi. Mama akinunua za kutupa, maarufu kama pampasi, azidishe 180 kwa bei ya soko lake, iwe kwa faranga au kwa shilingi, ndipo ataona ni fedha kiasi gani zinaishia jalalani kabla hajanunua hata kikapu kimoja cha nyanya. Nepi za kitambaa dazeni mbili, zikitunzwa, humtosha mtoto mmoja mpaka aache kuvaa nepi, na mara nyingi hurithiwa na mdogo wake. Gharama inayobaki ni ya maji, sabuni na muda wa kufua.

Pamoja na hayo, wafanyabiashara wengi huziacha nepi za kitambaa kwa sababu moja tu, nayo ni harufu. Mteja anayechagua samaki au mboga hasogei kwenye meza inayonuka mkojo, na abiria wa basi hawakosi maneno. Lawama huangukia kitambaa. Ukweli ni kwamba kitambaa hakina kosa. Kinachonuka ni mkojo uliolala ndani yake na sabuni ambayo haikutoka wakati wa kusuuza.

Harufu inatoka wapi

Mkojo mpya wa mtoto mwenye afya hauna harufu kali. Una yurea, na bakteria wakiipata huivunja na kutoa amonia, ile hewa inayowasha pua mtu akifungua ndoo ya nepi za usiku. Kadiri nepi inavyokaa na mkojo mahali penye joto, ndivyo amonia inavyozidi. Amonia na unyevu pia huchangia ngozi ya mtoto kuwa nyekundu na kuchubuka.

Chanzo cha pili ni sabuni. Mama akiona nepi inanuka, huongeza sabuni ya unga. Sabuni ikizidi haitoki yote. Hubaki kwenye nyuzi, hushika uchafu, na bakteria hupata pa kujificha. Nepi hiyo hutoka kwenye kamba ikinukia vizuri, lakini mtoto akikojoa mara moja tu, harufu ya zamani hurudi. Dawa za kulainisha nguo huleta tatizo lingine. Huacha utando kwenye kitambaa, nacho kikaacha kunyonya maji.

Kuna kipimo rahisi. Nepi safi na kavu itiwe kwenye maji masafi yasiyo na sabuni, kisha ifikichwe. Povu likitokea, sabuni ya zamani bado imo. Tiba yake ni kuisuuza kwa maji ya moto yasiyo na sabuni mara kadhaa, mpaka povu liishe.

Hatua za kufua

Hatua ya kwanza ni kuondoa kinyesi na kukimwaga chooni. Kinyesi cha mtoto mchanga hubeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, hivyo hakifai kutupwa mtaroni wala kuoshewa ziwani au mtoni ambako wengine wanachota maji.

Hatua ya pili ni kusuuza kwa maji baridi. Maji ya moto yakitangulia, doa la kinyesi hushika kwenye kitambaa na kuwa gumu kutoka. Nepi za mkojo pia zianze na maji baridi ili mkojo utoke kabla ya sabuni kuingia.

Hatua ya tatu ni kufua kwa maji ya moto na sabuni ya kiasi, iwe ya mche au ya unga. Nepi zifikichwe vizuri, hasa katikati na kwenye pindo, kwa sababu huko ndiko mkojo hujificha. Nepi za pamba zinaweza kuchemshwa kwenye sufuria mara mojamoja, hasa mtoto akiwa ameharisha au amepata upele wa fangasi. Chupi za plastiki za kuvaa juu ya nepi zisichemshwe, kwani hupasuka.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, hasa pale maji yanaponunuliwa kwa dumu. Nepi zisuuzwe mpaka maji yatoke meupe bila povu. Mara nyingi ni maji matatu. Mama mwenye maji machache apunguze sabuni, asipunguze maji ya kusuuza. Maji ya mwisho ya kusuuza yanaweza kuwa maji baridi ya kuanzia nepi za kesho.

Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, itumiwe kwa tahadhari. Ikitumiwa kila siku hulegeza nyuzi na nepi hutoboka mapema. Jambo la hatari zaidi ni kuimimina kwenye nepi zenye mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na mapafu.

Juani, lakini si majanini

Jua ni dawa ya bure. Huua vijidudu, hukausha nepi hadi ndani na hufifisha madoa. Lakini nepi zianikwe kwenye kamba, zisitandazwe majanini, kwenye vichaka wala mchangani. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati yuko nzi anayevutwa na harufu ya mkojo na kutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini na kwenye mchanga. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, na mabuu hupenya ngozi ya mtoto na kukua humo kama jipu. Kwa hiyo kupiga pasi pande zote mbili, na hasa kwenye pindo, si urembo. Pasi ya mkaa ikiwa na moto wa kutosha huyaua mayai hayo. Hilo ni muhimu wakati wa mvua, nepi zinapokaa kwenye kamba siku nzima bila kukauka, na kwa mama anayelala gesti za mpakani ambako hajui kamba iko wapi.

Njiani na mpakani

Safari inahitaji hesabu. Kwa safari ya saa kumi, mtoto akibadilishwa kila baada ya saa tatu, ni nepi nne, na mbili za akiba kwa ajili ya foleni na gari kuharibika.

Swali kubwa ni mahali pa kuweka zilizochafuka. Wengi walizoea mfuko wa plastiki, na hapo ndipo wanapokwama. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mfuko huo ukionekana mpakani unaweza kuchukuliwa, na mama akabaki na nepi mbichi mkononi. Ndoo ndogo yenye mfuniko ni salama zaidi, au mfuko wa kushonwa wenye bitana isiyopitisha maji, unaofuliwa pamoja na nepi zenyewe.

Kabla ya nepi kuingia kwenye ndoo, kinyesi kiachwe chooni. Palipo na bomba, nepi isuuzwe kwa maji baridi na kukamuliwa. Nepi iliyosuuzwa na kukamuliwa huvumilia mpaka jioni bila kutoa harufu kali. Iliyofungiwa na mkojo wake juani hugeuka amonia kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, fedha au bidhaa za mteja.

Nyumbani, nepi zisilowekwe kwenye maji usiku kucha. Maji yaliyosimama huanza kunuka, na ndoo ya maji isiyo na mfuniko ni hatari kwa mtoto anayetambaa.

Ngozi ya mtoto ikibaki nyekundu zaidi ya siku tatu, ikitoa vidonda au usaha, au mtoto akipata homa, tatizo limepita uwezo wa sabuni. Kituo cha afya ndiyo hatua inayofuata.

Kwa anayeziuza

Wapo wanaobeba nepi za kitambaa kama bidhaa. Kwao maarifa haya ni sehemu ya biashara. Pamba mpya ina mafuta ya asili, hivyo nepi mpya hainyonyi vizuri mpaka ifuliwe mara kadhaa. Mteja asipoambiwa, atairudisha akidai ameuziwa mali mbovu. Kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa hunyonya vizuri kuliko kitambaa kipya kinachong'aa, na hilo akina mama wa pwani wamelijua kwa miaka mingi.

Muuzaji anayemweleza mteja namna ya kufua, kusuuza na kuanika hupunguza malalamiko. Na mama anayezingatia hatua hizo huvuka mpaka bila maneno ya abiria, mtaji wake ukiwa kwenye bidhaa zinazorudisha faida.