Zamu ya Maji, Zamu ya Mawimbi

Mkulima wa mpunga wa Ndungu, wilayani Same, anajua vyema maana ya zamu. Maji ya mto Yongoma, yateremkayo kutoka milima ya Upare, hayawezi kuingia katika majaruba yote kwa wakati mmoja. Huko milimani wazee walichimba ndiva: maji ya usiku, ambayo yangepotea bure watu wakiwa wamelala, hukusanywa humo, na asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu.

Ndugu msomaji, masafa ya redio nayo ni mali ya umma igawanywayo, na nchini mwetu mgawaji ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Televisheni hupewa chaneli zake, simu sehemu yake, ndege yake. Lakini wimbi halina ndiva. Chaneli iliyokaa kimya usiku wa leo haiwekwi akiba ya kesho, na zikaazo kimya vijijini si chache.

Mwaka 1999 Joseph Mitola na Gerald Maguire walieleza wazo la redio yenye utambuzi. Chombo hicho husikiliza kwanza, kikatafuta chaneli iliyo wazi, kikaitumia, kisha kikahama mara mwenyewe anaporudi. Mgeni habishani na mwenye nyumba.

Wazo ni zuri, lakini milima kama ya Upare hulitia majaribuni. Chukua chombo kilichowekwa nyuma ya kilima. Hakisikii mnara ulio upande wa pili, hivyo hudhani chaneli ni tupu. Kikianza kurusha mawimbi, humharibia picha jirani akaaye mahali yanapofika mawimbi ya pande zote mbili. Hapo hakuna nia mbaya; ni kilima tu. Kwa sababu hiyo mafundi hawategemei masikio ya chombo peke yake. Chombo hutaja mahali kilipo, kikauliza katika daftari kuu la kompyuta, kikajibiwa ni chaneli zipi zilizo wazi hapo na kitumie nguvu kiasi gani.

Mwaka 2013 huko Nanyuki, Kenya, chaneli tupu za televisheni zilitumiwa kupeleka intaneti vijijini kwa umeme wa jua. Mwaka huohuo mpango wa namna hiyo ulitangazwa Dar es Salaam kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Chaneli hizo zilipendelewa kwa kuwa mawimbi yake huenda mbali na hupenya majani ya miti.

Limebaki suala la mgawo, nalo ndilo gumu. Shule, zahanati na duka wakiitaka chaneli moja, nani aanze? Kompyuta ikiamriwa kutafuta jumla kubwa tu, itampendelea aliye karibu na mnara, maana huyo hupokea mengi kwa nguvu kidogo. Mwenye jaruba la mwisho wa mfereji anaifahamu kanuni hiyo bila kufundishwa. Ndiyo maana wahandisi huweka kiasi cha chini ambacho kila mtumiaji sharti akipate kwanza, ndipo ziada igawanywe.