Unatumia prednisoloni? Angalia chakula na sukari yako
Dawa hii hutuliza pumu na uvimbe, lakini yaweza kupandisha sukari katika damu, hasa mchana na jioni. Imeze asubuhi baada ya kula. Punguza chumvi, soda, na sukari ya chai na uji. Ugali uwe wa kiasi. Ongeza maharagwe na mboga za majani. Ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hivyo dagaa watakufaa. Usitumie vidonge vya vitamini wala mitishamba kabla ya kumwuliza mhudumu wa afya. Ukisikia kiu kali, ukikojoa mara kwa mara au ukiona ukungu, njoo zahanati upimwe sukari. Usiache dawa ghafla hata ukijisikia umepona: mwili ulioizoea waweza kuishiwa nguvu, na maisha yakawa hatarini. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.