Kazi ya Afisa wa Probesheni

Mwaka jana kijana mmoja wa kijiji chetu aliiba baiskeli ya baba yangu. Siku ya tatu alikamatwa, akapelekwa kortini, akakiri kosa. Sisi nyumbani tulingoja kusikia amefungwa miaka mingapi, kwani wizi wa namna hiyo sheria ya Kenya huuwekea kifungo kisichozidi miaka 3. Badala yake alikuja mama mmoja mwenye faili kwapani. Alikwenda kwanza kwa wazazi wa yule kijana, kisha akaja kwetu.

Baba alikasirika. "Mama, mwizi amekiri mwenyewe. Wapeleleza nini tena?"

Nami nilikuwa na swali hilo hilo, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Yule mama alikuwa afisa wa probesheni. Polisi huchunguza kama mtu ametenda kosa. Afisa wa probesheni huchunguza aliyelitenda ni mtu wa namna gani. Hakimu humwona mshtakiwa kizimbani kwa muda mfupi tu, wala hajui nyumbani kwake kukoje. Basi humtuma afisa huyu, naye huwauliza wazazi, chifu, mwalimu au tajiri wake wa kazi, na hata yule aliyeibiwa. Kisha huandika ripoti na kutoa shauri lake. Hata hivyo yeye hakati kesi. Neno la mwisho ni la hakimu. Pengine korti humtaka ripoti mapema zaidi, ili iamue kama mshtakiwa apewe dhamana.

Asili ya kazi hii ni ngeni kidogo. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu aitwaye John Augustus alimdhamini mlevi mmoja kortini, akaahidi kumwangalia. Baada ya wiki chache alimrudisha akiwa hanywi tena, na hakimu akamtoza faini ya senti moja pamoja na gharama za korti. Kwetu Kenya sheria ya probesheni ilitungwa mwaka 1943, na idara yake ikaanza mwaka 1946.

Sheria hiyo yasema mtu aweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Kabla ya hapo hakimu lazima amweleze masharti kwa lugha nyepesi, naye mwenyewe akubali kuyatii. Afisa humtembelea, humshauri, humfanyia urafiki, na ikihitajika humsaidia kutafuta kazi. Akivunja masharti, hurudishwa kortini na kuadhibiwa kwa lile kosa la kwanza. Ndiyo maana watu hukiita kifungo cha nje. Tangu sheria ya mwaka 1998, maafisa hawa husimamia pia wale walioamriwa kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kwenda gerezani.

Tuyarudie ya kwetu. Baba alimweleza yule mama kwamba baiskeli ile ndiyo iliyochukua maziwa yetu kila alfajiri, na kwamba karo yangu ilitoka humo. Yote aliyaandika. Hakimu alimweka kijana chini ya uangalizi miaka 2, akaamuru alipe magurudumu mawili aliyokwisha kuyauza.

Kijijini watu walisema amehonga. Kwa muda mrefu baba naye alidhani hivyo, na mimi nikaacha kumsalimu kijana yule. Lakini kila mwezi alikwenda kuripoti, na kila alipopata kibarua alituletea kidogo. Likizo ya Agosti alileta fedha za mwisho. Baba alizihesabu mara mbili, akanyamaza, kisha akamwambia aketi anywe chai.

Kama ningalikuwa hakimu, sijui ningaliamuaje. Ninalojua ni kwamba angalifungwa, magurudumu yale tungalijinunulia wenyewe.

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, siku afisa wa probesheni akipiga hodi kwenu, msimfiche neno wala msimtilie chumvi. Mtakayomwambia ndiyo hakimu atakayoyasoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha 4