Bahashishi si Ujira: Tafakuri Kutoka Nchi ya Majani Chai

Mteja anapomaliza kinywaji chake katika mkahawa wa Kericho, Litein au Bomet mjini, huenda akaacha sarafu chache kando ya kisahani na kumwambia mhudumu, "Hiyo ni ya chai." Katika eneo hili, chai ni zao, ni kinywaji, na pia ni jina la pesa zinazotolewa kwa shukrani au, wakati mwingine, kwa hongo. Makala haya yananuia kufafanua malipo matatu ambayo aghalabu huchanganywa: ujira, bahashishi na bonasi.

Ujira ni malipo ya kazi. Aliyefanya kazi huudai, wala hauombi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Aidha, amri za serikali kuhusu kima cha chini cha mshahara humtaja mhudumu wa mezani na mpishi. Bahashishi, neno lenye asili ya Kiajemi, ni kipawa. Hutegemea hiari ya mtoaji, na anayeikosa hana pa kushtaki.

Watetezi wa bahashishi husema kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja hiyo ina uzito, kwani shukrani ni sehemu ya utu wetu. Hata hivyo, tatizo linazuka pale mwajiri anapoifanya shukrani ya mteja kuwa sehemu ya mshahara. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bahashishi ifidie pengo hadi kufikia kima cha chini cha dola 7.25. Hapo hisani ya mteja humpunguzia mwajiri deni lake.

Mkanganyiko wa namna hii unajitokeza pia mashambani. Mkulima mdogo anayepeleka majani mabichi katika viwanda vilivyo chini ya KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwezi hadi mwezi, kisha hupokea "bonasi" baada ya hesabu za mwaka. Neno hilo linadokeza zawadi, ilhali fedha hizo ni salio la bei ya majani yake. Ndiyo maana wakulima wa Kericho na Bomet walipolalamikia bonasi ndogo mwaka 2025, hawakuwa wakiomba fadhila. Walikuwa wakidai jasho lao.

Kwa kuhitimisha, si lengo letu kumkataza mteja kuacha sarafu zake mezani. Tunachosisitiza ni kwamba mhudumu apokee kwanza ujira unaotosha, ndipo bahashishi ibaki kuwa asante. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuyatumia maneno haya kwa uangalifu, kwani haki ikiitwa hisani, mwenyewe huona haya kuidai.