Wakili, amana na lugha ya rekodi za nidhamu

Neno “wakili” halikuingia katika Kiswahili pamoja na mahakama za Mwingereza. Lilikuwapo pwani kabla ya hapo, nalo lilimaanisha mtu aliyekabidhiwa shughuli ya mwenzake aisimamie kana kwamba ni yake: kuuza shamba, kudai deni, hata kuoza binti. Asili yake ni ile ile ya neno “tawakali”, yaani kumwachia mwingine jambo lako kwa kumtegemea. Mteja anayeingia katika ofisi ya wakili huko Kisumu au Nyeri akiwa na faili ya ajali ya matatu chini ya kwapa hufanya hivyo hasa. Hajui sheria, hajui bima italipa lini, na pesa zikilipwa hupitia kwanza katika akaunti ya wakili. Anatawakali.

Je, mteja huyo ana njia gani ya kujua kama mtu anayemkabidhi faili yake amewahi kula amana ya mwingine?

Kisheria, njia ipo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, iliyopitishwa mwaka 1989, iliunda Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya afisi ya Mwanasheria Mkuu. Tume hupokea lalamiko, hulichunguza, na ikiona lina uzito hulifikisha mbele ya jopo la nidhamu. Jopo hilo laweza kumwonya wakili, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni moja, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka mitano, au kulifuta jina lake katika orodha ya mawakili. Laweza pia kumwamuru amlipe mteja fidia isiyozidi shilingi milioni tano. Anayesimamishwa au kufutwa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na Chama cha Mawakili (LSK) kina orodha katika intaneti ambamo mtu huweza kulitafuta jina na kuona hali ya wakili huyo.

Hata hivyo, rekodi kuwa wazi ni jambo moja na kusomeka ni jambo jingine. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria, na linalonishughulisha zaidi ni hilo la pili. Gazeti Rasmi huandikwa kwa Kiingereza, na uamuzi wa jopo vivyo hivyo. Habari hizo zinapofika katika magazeti na redio zetu za Kiswahili, hufika zikiwa zimefunikwa kwa tafsiri. Kosa lolote la wakili huitwa “utovu wa nidhamu”. Msamiati huo ndio tunaoutumia shuleni kwa mwanafunzi aliyeruka ua usiku kwenda disko. Mjane aliyelipiwa fidia ya mumewe miaka minne iliyopita naye hajapata hata senti moja akielezwa kwamba wakili wake alipatikana na “utovu wa nidhamu”, atafikiri labda alifika mahakamani bila tai.

Kibaya zaidi ni kitenzi “kushindwa”. Mojawapo ya malalamiko ya kawaida kabisa dhidi ya mawakili ni kwamba wamepokea fedha za mteja na hawakutoa hesabu yake. Kiingereza hutumia hapo kitenzi ambacho chaweza kuwa na maana ya kutoweza au ya kutotenda tu. Watafsiri wetu huandika mara kwa mara: “Wakili alishindwa kutoa hesabu ya fedha za mteja.” Katika Kiswahili, mtu aliyeshindwa ni yule aliyejaribu. Alishindwa kuuinua mzigo. Alishindwa kulipa karo kwa sababu hakuwa na kitu. Wakili wa sentensi ile hatuambiwi kwamba alijaribu lolote. Hakutoa hesabu, basi. Kwa kitenzi kimoja mkosaji amegeuzwa kuwa mtu wa kuhurumiwa. Kisha zipo kauli za kutendwa na kutendeka: “fedha hazikuwasilishwa”, “hesabu hazikupatikana”. Na nani? Sarufi yetu inaruhusu mtenda kuachwa nje ya sentensi, lakini rekodi ya nidhamu haina sababu nyingine ya kuwapo ila kumtaja mtenda huyo.

Yamkini msomaji ataniambia kwamba mambo ya sarufi ni madogo, na kwamba penye mtandao na orodha pana uwazi wa kutosha. Namwomba atazame yaliyotokea California, jimbo la Marekani ambalo rekodi ya kila wakili huonekana na yeyote atakaye. Thomas Girardi alikuwa wakili mashuhuri huko tangu miaka ya 1960, na alihusika katika kesi ya maji yaliyochafuliwa ya Hinkley iliyomalizwa mwaka 1996 kwa dola milioni 333. Mwezi Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka katika bahari ya Java na kuua watu 189. Baadhi ya wajane na mayatima wakamkabidhi Girardi madai yao. Fidia ililipwa, ila haikuwafikia yote, na mwezi Desemba 2020 jaji mmoja wa Chicago akaamuru mali yake izuiliwe. Mwaka 2022 alifutwa katika orodha ya mawakili. Agosti 2024 akapatikana na hatia ya ulaghai, na Juni 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na miezi 3.

Mwaka huo huo wa 2022, chombo cha kusimamia mawakili wa California kilikiri kwamba kilikuwa kimepokea malalamiko 205 dhidi yake kwa muda wa miaka arubaini. Malalamiko mengi yalihusu fedha za wateja. Mjane wa Jakarta ambaye angeitazama rekodi yake ya hadharani mwaka 2019 asingeona doa hata moja. (Hili si la kigeni kama linavyoonekana. Machi 2019 ndege ya aina ile ile, iliyokuwa ikija Nairobi, ilianguka Ethiopia, na jamaa za Wakenya waliofariki nao wakafungua kesi huko huko Chicago.)

Nchini kwetu sheria inaihimiza Tume kupatanisha pande mbili pale ambapo kosa si zito. Upatanisho ni jambo jema: mteja hupata pesa zake mapema bila kuzungushwa. Lakini lalamiko lililopatanishwa haliachi alama mahali ambapo mteja wa kesho ataliona. Wakili anayelipa kila anaposhtakiwa, na kuchelewesha kila asiposhtakiwa, hubaki na jina safi.

Mawakili hujibu kwamba jina la mtu ndilo mtaji wake, na kwamba mteja aliyeshindwa kesi huweza kulalamika kwa chuki. Jibu hilo lina haki yake. Katika jimbo la Oregon lalamiko huwa la umma tangu siku linapoletwa. Mimi nisingefika huko. Ningeweka mpaka pale ambapo Tume imechunguza na kuona kwamba wakili ana jambo la kujibu. Kutoka hapo liandikwe, hata kama litaishia katika upatanisho, na mwisho wake uandikwe pia. Walimu wanaosoma safu hii wanajua kwamba Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) huchapisha majina ya waliofutiwa usajili, pamoja na nambari zao, taifa zima lisome. Sioni kwa nini anayeshika fidia ya yatima alindwe kuliko anayeshika chaki.

Aidha, liandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wala kazi yenyewe si ngumu. Mwalimu wa kidato cha tatu aweza kuchukua tangazo moja kutoka Gazeti Rasmi, afunike jina la mhusika, na kuwapa wanafunzi waliandike upya katika sentensi tatu, wakikatazwa “utovu wa nidhamu” na “kushindwa”: nani alipokea nini, kutoka kwa nani, na alifanyia nini.