Mlango Unalindwa, Nyumba Je?

Mimi ni seremala, na riziki yangu kubwa hutoka katika nyumba kongwe za ghorofa moja zilizobaki katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Kisutu mpaka Mtaa wa Jamhuri. Nabadilisha mbao za roshani zilizoliwa na mchwa na kufufua bawaba za milango. Siku hizi ninapopanda ngazi na boksi langu la vifaa, huanza kwa kuuliza kama notisi ya kuhama imefika. Ikiwa imefika, hakuna kazi.

Nyingi ya nyumba hizi ni mali ya umma. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa mwenye nyumba wa namna hiyo, ghorofa moja juu ya kiwanja cha mjini ni kiwanja kilicholala. Anatafutwa mbia mwenye fedha, wapangaji wanahama, mabati yanazungushwa, kisha unachimbwa msingi wa jengo refu. Sisemi shirika lina roho mbaya. Mji unahitaji makazi na ofisi, na zipo kuta ambazo hata mimi singelala chini yake.

Linalonikera ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu: Sultani Majid alianza kuujenga mji huu miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale pale bandarini ni la mwaka 1866 au 1867. Hata lenyewe limechelewa! Kanisa la Azania Front na Hospitali ya Ocean Road ni za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo karibu mji mzima uko nje ya mstari, na jengo linapona tu kama waziri amelitangaza rasmi kuwa la kulindwa. Kutangaza ni kazi ya makaratasi. Tingatinga halisubiri makaratasi. Jengo la Salamander, Mtaa wa Samora, nalo limeshaondoka.

Ila mlango, sheria hiyohiyo inaujali. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu cha kulindwa. Kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa seremala hii ni heshima, lakini niupachike wapi? Mlango wa mvule hupimwa kwa ukuta wake, kwa kizingiti chake, kwa baraza ya kivuli inayouzuia usipigwe na jua la mchana. Ukiupeleka kwenye ukumbi wa vioo, unabaki pambo.

Wizara zimehamia Dodoma, na majengo ya zamani ya ofisi kule Kivukoni yanahitaji matumizi mapya. Ningeanzia hayo. Yatangazwe yote kwa pamoja kabla mbia hajapatikana, kwa sababu akishasaini mkataba na kuweka fedha zake, waziri naye huona haya kusema hapana.