Basi la Manjano Linaloshinda Limelala

Jumamosi asubuhi, msimu wa tamasha za drama au michezo ya shule za upili, barabara inayotoka Makutano ya Kyumvi kuelekea mjini Machakos hugeuka manjano. Basi hufuata basi, madirisha wazi, nyimbo zikimwagika nje. Ubavuni pameandikwa jina la shule kwa herufi nyeusi, chini yake wito wake, na nyuma, karibu na bampa, jina la eneo bunge na herufi tano ambazo kila mzazi anazijua: NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Jumanne inayofuata, ukichungulia getini, utalikuta basi lilelile limeegeshwa kando ya jikoni, na dereva wake anasaidia kupakua kuni.

Picha hizo mbili zina uzito zaidi kuliko zinavyoonekana. Mwaka 2021 Marekani iliamua kwamba serikali ilipie mabasi ya shule ya umeme, na ikatenga mabilioni ya dola. Ukitaka kujua kama Machakos inafaa kufanya vivyo hivyo, uliza kwanza basi lenyewe hushinda wapi.

Lakini tuanze na rangi. Mwaka 1939 Frank Cyr, profesa wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwaita maafisa wa elimu na watengenezaji wa mabasi kutoka pembe zote za Marekani ili wakubaliane viwango. Ukutani palitundikwa vipande vya rangi, kuanzia njano ya limau hadi machungwa yanayokaribia wekundu. Wajumbe wakachagua njano iliyokolea, kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka hata alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Kenya ilifuata baadaye sana: marekebisho ya sheria ya trafiki yalizitaka shule zipake mabasi yao manjano kuanzia 2018. Hadi hapo basi la shule lilivaa rangi za shule yenyewe.

Chini ya rangi mambo hayajabadilika sana. Mengi ya mabasi haya ni chasisi za lori, nyingi za Isuzu, zilizojengewa bodi na viwanda vya humu nchini. Kabla ya safari dereva huwasha injini na kuiacha ingurume mpaka mshale wa hewa ya breki upande vya kutosha. Hapo ndipo wanafunzi wanapanda. Moshi unazunguka chini ya bodi, unaingia mlangoni na madirishani, na viti vya nyuma, vilevile vinavyogombaniwa na kila mtu, vinapata fungu lao. Si moshi wa ekzosi pekee. Hewa chafu hupumuliwa pia na injini yenyewe kupitia bomba dogo lililo chini ya boneti, na katika mabasi ya zamani hiyo nayo hupenya ndani.

Mwaka 2001 watafiti wa California walipima hewa ndani ya mabasi ya shule ya dizeli. Walikuta kwamba mtoto aliye ndani anaweza kuvuta moshi wa dizeli hadi mara nne ya anaovuta mtu aliye ndani ya gari dogo linalotangulia basi hilo. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku na asbesto. Kisha 2019 wachumi wa Georgia State University wakaonyesha jambo ambalo mwalimu yeyote wa Machakos angetega sikio: wilaya za shule zilizofunga vichujio kwenye mabasi yao ya zamani ziliona alama za Kiingereza zikipanda. Afrika Mashariki nayo imepiga hatua. Tangu 2015 kiwango cha salfa kinachoruhusiwa katika dizeli kimeshuka kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi 50. Ila mafuta safi hayaifufui injini iliyochoka.

Marekani, basi, iliamua kutoa hela. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano, zisimamiwe na shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, kununulia shule mabasi safi. Awamu ya kwanza, 2022, wilaya maskini na za mashambani ziliweza kupewa hadi dola 375,000 kwa basi moja kubwa la umeme. Kwa bei ya dola ya wakati huo, hizo ni kama Sh45 milioni. Zinahitajika, kwani huko basi la umeme hugharimu takriban mara tatu ya lile la dizeli.

Msaada ule ulikuja na sharti la kuvutia: basi kuukuu la dizeli, la 2010 kurudi nyuma, lilipaswa kuuawa kweli. Tundu la inchi tatu litobolewe kwenye bloku ya injini, vyuma vya chasisi vikatwe, picha zipigwe na kutumwa. Mkenya akisoma hayo lazima acheke kidogo. Huku basi la shule halifi. Likichoka huuzwa, likapakwa rangi nyingine, na likaendelea kubeba abiria au mizigo mahali ambapo hakuna anayeuliza umri wake. Pesa za umma zikinunua basi la umeme bila kuliondoa la dizeli, moshi unakuwa umehamishwa tu.

Mpango wa Marekani haukwenda bila mikwaruzo. Lion Electric, kampuni ya Quebec iliyouzia shule nyingi mabasi hayo, iliomba kulindwa dhidi ya wadai wake Desemba 2024, na baadhi ya wateja wakabaki na mabasi mapya yasiyo na wa kuyatengeneza. Mwalimu mkuu anayemjua fundi wake kwa jina, na anayejua spea zinapatikana duka gani Machakos, ana haki ya kulifikiria hilo kwanza.

Kenya haijatoa ruzuku ya namna hiyo. Njia yake imekuwa kusamehe kodi. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaondoa VAT kwa mabasi ya umeme. Mwaka huohuo Kenya Power ilianza kutoza bei maalum ya kuchaji magari: Sh16 kwa uniti, na Sh8 usiku wakati mitambo ina nafasi, kabla ya tozo nyingine. Kodi iliyosamehewa ni pesa ya umma pia, hata kama haionekani kwenye bango. Kasoro yake ni kwamba humfaa aliye tayari na mamilioni mkononi.

Mabasi yenyewe yapo. Roam, kampuni ya Nairobi iliyoanza 2017 ikiitwa Opibus, ilizindua basi lake la Move mwaka 2023, linalounganishwa katika kiwanda cha KVM, Thika. BasiGo ilianza majaribio Nairobi Machi 2022 kwa mabasi mawili ya BYD yenye viti 25, na Oktoba 2024 ikatangaza mtaji wa dola milioni 42. Sehemu ya fedha hizo ilitoka British International Investment, taasisi ya serikali ya Uingereza. Kwa hiyo pesa za umma zimo tayari kwenye mabasi ya umeme ya Kenya. Zilianza na matatu.

Kwa milima ya Machakos, basi la umeme limeumbwa. Halina klachi ya kuungua kwenye mlima wa Iveti, na nguvu zote za mota hupatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Likiteremka kutoka Mua, dereva akiondoa mguu kwenye kanyagio, mota hugeuka jenereta: uzito wa basi unaizungusha, umeme unarudi kwenye betri, na basi linapunguza mwendo bila breki kuguswa. Haurudi wote uliotumika kupanda, lakini pedi za breki hukaa muda mrefu zaidi. Kwenye miteremko ambako breki za gari zito huwaka moto hadi zinanuka, hilo peke yake linatosha kumfurahisha dereva.

Ugumu uko kwenye hesabu. Move ilitangazwa kuwa na betri ya uniti 170 na uwezo wa kwenda kilomita 200, yaani chini ya uniti moja kwa kilomita. Kwa bei ya Kenya Power, hiyo ni kama Sh14 kwa kilomita mchana na Sh7 usiku. Basi la dizeli linalokwenda kilomita nne kwa lita, kwa bei ya katikati ya 2025 ya takriban Sh171, hula Sh43. Tuseme unaokoa Sh30 kila kilomita. Matatu inayokimbia kilomita 60,000 kwa mwaka itaokoa Sh1.8 milioni. Basi la shule ya bweni linalokwenda kilomita 10,000 litaokoa Sh300,000. Kwa akiba hiyo, bei ya ziada ya kununua basi la umeme itachukua miaka na mikaka kurudi.

Hapa ndipo lile basi la kando ya jikoni linaporejea. Basi la shule la Marekani hufanya njia moja kila siku ya masomo, asubuhi na alasiri, na hulala mahali pamoja. Basi la shule ya upili ya umma ya bweni Machakos hukaa kitako juma zima. Kisha ghafla linatakiwa Mombasa au Kisumu, safari ya kilomita 400 hivi au zaidi, kwa tamasha la kitaifa ambalo kila mwaka huhamia kaunti nyingine. Hukimbia kidogo mno kuweza kuokoa pesa, na linapokimbia huenda mbali mno kwa betri moja.

Basi linalofaa umeme liko upande wa pili wa kaunti, Mavoko. Syokimau, Mlolongo na Athi River zimejaa akademia za kutwa ambazo magari yake huanza kuzunguka mitaani kabla ya mapambazuko. Huduma kama hiyo haivuki tambarare za Athi, huanzia na kuishia uwanja uleule, na gari hukaa tu tangu asubuhi hadi alasiri, saa ambazo paa la sola linazalisha kwa wingi. Lakini shule hizo ni za kibinafsi, na NG-CDF haiwezi kuzinunulia hata tairi.

NG-CDF, mfuko ulioanza 2003, hupewa kisheria si chini ya asilimia 2.5 ya fungu la serikali kuu katika mapato ya taifa. Kaunti ya Machakos ina maeneo bunge manane, kuanzia Masinga hadi Mwala, kila moja na kamati yake. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka katiba, na vita vikahamia kwenye rufaa. Vyovyote iwavyo, ukweli ni mmoja: pesa ya umma inalinunua basi lisilofaa umeme, na basi linalofaa umeme halina pesa ya umma. Kuiga ruzuku ya EPA neno kwa neno kungekuza pengo hilo. Ni afadhali fedha za mwanzo ziende kwenye transfoma na chaja, ambazo akademia, shule ya umma iliyo jirani na matatu zinaweza kutumia kwa zamu, na mabasi ya safari za mbali yabaki ya dizeli yenye injini mpya kwa sasa.

Kuna hoja moja inayoweza kupindua hesabu hii, na inatokana na uvivu uleule wa basi. Mei 2024 wilaya ya shule ya Oakland, California, ilitangaza kwamba mabasi yake yote 74 ni ya umeme, na kwamba yakiegeshwa yanaweza kurudisha umeme kwenye gridi. Sasa fikiria shule ya bweni Yatta, au Masinga karibu na bwawa la Masinga ambalo tangu 1981 limehifadhi maji yanayozungusha mitambo ya Mto Tana. Stima hupotea huko kama kwingine, na usiku wa Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima. Taa 400 za wati 10 zikiwaka saa nne za masomo ya jioni hula uniti 16. Betri ya uniti 170, hata ukiiachia nusu kwa ajili ya safari, ingewasha madarasa jioni tano, bila jenereta na bila lita moja ya dizeli.

Hilo linahitaji basi na chaja zinazoweza kutoa umeme, si kupokea tu, na si kila basi linaloingia nchini lina uwezo huo. Bodi ya shule italazimika kuliandika kwenye zabuni mapema, sambamba na idadi ya viti, mikanda na ile njano ya lazima.